Milioni 29 za Hiace: kwa nini nafsi inakataa kuuza gari linalokula pesa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari, Dodoma. Mwaka 2021 nilinunua Hiace iliyotumika kwa shilingi milioni 18, nyingine akiba yangu na nyingine mkopo wa SACCOS, ili ifanye kazi ya daladala na kuniletea hesabu ya shilingi 50,000 kwa siku. Tangu hapo nimetumia milioni 11 katika matengenezo makubwa matatu, na hakuna hata moja lililodumu zaidi ya miezi minne. Sasa gari limelala gereji tena. Fundi anasema nikitoa milioni 4.5 kwa ajili ya injini nyingine litakaa sawa kabisa. Kuna mtu yuko tayari kulinunua lilivyo kwa milioni 8. Mdogo wangu, aliyenikataza tangu mwanzo, ananiambia niuze. Kila nikitaka kukubali, nafsi inaniuliza: na milioni 29 zangu je? Nafundisha hisabati, lakini hesabu hii imenishinda. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Hesabu haijakushinda, umeingiza ndani yake namba isiyohusika, na namba hiyo ni 29.

Ukiuza gari leo, milioni 29 hazirudi. Ukilitengeneza, hazirudi. Ukiliacha gereji mpaka majani yaote kuzunguka matairi, hazirudi vilevile. Kitu kinachobaki kilekile katika kila njia unayoweza kuifuata hakiwezi kukusaidia kuchagua njia, na wewe mwenyewe huwaambia wanafunzi wako kila siku kwamba namba iliyopo pande zote mbili za mlinganyo hufutwa kwanza ndipo kazi iendelee. Marejesho ya SACCOS nayo yafute kwa sababu hiyohiyo, maana utayalipa hadi mwisho gari liwe lako au liwe la mwingine. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa watu wengi waliowahi kuniuliza swali kama lako waliamini kwamba kuuza kitu ambacho deni lake halijaisha ni kujiongezea hasara, ilhali deni halijui kama kitu kilichonunuliwa bado kipo.

Wachumi huziita pesa za namna hiyo gharama zilizozama, na tabia ya kuziruhusu zituamulie mambo ni mojawapo ya maegemeo ya fikra, yaani makosa ambayo akili timamu huyafanya kwa utaratibu uleule, kuelekea upande uleule, hata kwa mtu aliyesoma. Ndiyo maana ualimu wako wa hisabati haukukukinga.

Sasa tufanye hesabu yenye namba zinazohusika. Upande mmoja una milioni 8 mkononi. Upande wa pili una gari pamoja na milioni 4.5 zinazotoka mfukoni mwako, na hapo yanaweza kutokea mambo mawili. La kwanza ni kwamba fundi amesema kweli: gari linafanya kazi siku 26 kwa mwezi kwa mwaka mzima, yaani siku 312, na linaleta milioni 15.6. Ondoa milioni 3 za oili, matairi, bima, vibali na vitu vidogovidogo, ondoa milioni 4.5 za injini, unabaki na milioni 8.1, na mwisho wa mwaka bado una gari ambalo tuseme litauzika kwa milioni 7. Jumla ni milioni 15.1. Jambo la pili ni kwamba mambo yanakwenda kama yalivyokwenda mara tatu zilizopita: gari linatembea miezi minne, kama siku 100, linaleta milioni 5, linakula milioni 1 ya matumizi ya kawaida, kisha linakufa na unaliuza mkweche kwa milioni 5. Baada ya kutoa zile milioni 4.5 za injini, mkononi unabaki na milioni 4.5.

Tofauti kati ya kufaulu na kushindwa ni milioni 10.6, na milioni 8 za mnunuzi zimezidi matokeo ya kushindwa kwa milioni 3.5. Gawanya 3.5 kwa 10.6 utapata 0.33. Maana yake ni kwamba kutengeneza kunalipa iwapo tu uwezekano wa fundi kufaulu unazidi theluthi moja. Namba za gereji na za soko unazijua wewe kuliko mimi, kwa hiyo weka zako mahali pa hizi nilizokadiria, lakini usiubadilishe muundo wa hesabu. Utaona kwamba 29 haikutokea popote, na wala hatukuilazimisha ikae nje. Haikuwa na mahali pa kuingilia.

Je, uwezekano wenyewe ni kiasi gani? Hapa ndipo yaliyopita yanapopata nafasi yake halali, kwa kuwa yana haki ya kutoa ushahidi hata kama hayana haki ya kudai. Matengenezo matatu, hakuna lililodumu. Mwanahisabati Mfaransa Laplace alituachia kanuni rahisi ya kukadiria katika hali ya data chache: ongeza 1 kwenye idadi ya waliofaulu, ongeza 2 kwenye idadi ya majaribio, kisha gawanya. Kwako inakuwa 1 kwa 5, yaani 0.2, ambayo haifiki 0.33. Utasema safari hii ni injini nzima, si gasketi wala klachi, na hoja hiyo ina uzito. Lakini jiulize kama na yale matengenezo matatu ya nyuma hayakuja kila moja na sababu yake ya kuwa tofauti na lililotangulia.

Kwa namba hizi, mimi ningeuza. Hata hivyo hukuniuliza hesabu peke yake; umenieleza pia kwamba nafsi inakataa, na hilo ndilo linalostahili maelezo marefu.

Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili wa Israeli, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha utafiti ambao baadaye ulichangia Kahneman kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, wakati Tversky alikuwa ameshafariki. Katika mojawapo ya maswali yao, waliwataka watu 95 wachague kati ya hasara ya uhakika ya pauni 3,000 za Israeli, na bahati nasibu yenye uwezekano wa asilimia 80 wa kupoteza 4,000 na asilimia 20 wa kutopoteza chochote. Piga hesabu mwenyewe: wastani wa hasara katika bahati nasibu ni 3,200, hivyo ni mbaya kuliko ile ya uhakika. Asilimia 92 waliichagua bahati nasibu. Walipoulizwa swali lilelile kwa upande wa faida, wengi waligeuka wakashika kilicho cha uhakika. Binadamu akiwa ameshaingia hasarani huwa mcheza kamari, hata yule ambaye siku nyingine zote ni mtu mwangalifu kabisa, kwa sababu hasara ya uhakika inauma kuliko namba yake inavyoonyesha, na mlango wowote unaoahidi kuifuta yote huonekana wazi hata kama ni ufa tu.

Ndivyo unavyoitazama ofa ya milioni 8. Anayeipokea kwa macho mapya angeona milioni 8 zinaingia. Wewe unaona milioni 21 zinatoka, kwa sababu unahesabu kuanzia 29. Gari likiwa gereji, hasara hiyo bado haijaandikwa. Linabaki kuwa “gari bovu linalosubiri kutengenezwa”. Siku unayosaini mauziano, daftari linafungwa na jumla inapigwa mstari chini yake. Richard Thaler, mchumi wa Marekani aliyepata Nobel mwaka 2017, alieleza jambo hili mwaka 1980 kwa mfano wa mtu aliyelipa dola 300 za uanachama wa klabu ya tenisi, akaumia kiwiko baada ya wiki mbili, na akaendelea kucheza kwa maumivu ili dola 300 zisipotee. Kila raketi iliyoinuliwa ilikuwa inaahirisha kufunga daftari. Miaka mitano baadaye, Hal Arkes na Catherine Blumer waliliangalia jambo hilo katika chuo kikuu kimoja cha Ohio: watu waliofika kununua tiketi za msimu mzima wa michezo ya kuigiza waliuziwa, kwa kubahatisha na bila wao kujua, wengine kwa bei kamili ya dola 15, wengine kwa 13 na wengine kwa 8. Michezo ilikuwa ileile na viti vilevile, lakini katika nusu ya kwanza ya msimu waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi kuliko waliopunguziwa.

Nami si msafi katika hili. Niliwahi kufuga kuku wa mayai kwa miaka mitatu, na mwaka wa kwanza tu ulitosha kunionyesha kwamba bei ya chakula na bei ya trei ya mayai hazikuwa na mpango wa kukutana. Lakini nilikuwa nimejenga banda la matofali ya kuchoma, lenye sakafu ya saruji na mfereji wa kuoshea, na kila kundi la kuku lilipozeeka nililitazama lile banda tupu nikajiambia siwezi kuliacha hivihivi, kisha nikaagiza vifaranga wengine 300. Banda lilijengwa kwa ajili ya kuku, lakini kwa miaka miwili kuku walinunuliwa kwa ajili ya banda. Leo ni stoo ya magogo ya jirani, na kodi anayonilipa ni ndogo, ila haili pumba.

Usidhani kwamba haya ni ya watu wenye banda moja au Hiace moja. Wewe uko Dodoma. Ukitoka mjini ukaelekea mashariki utafika Kongwa, ambako serikali ya Uingereza ilitufundisha somo hili kwa gharama ya walipakodi wake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache na kupendekeza mashamba 107 ya karanga, kila moja la ekari 30,000, mengi yakiwa Tanganyika na machache Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa kwa lengo la kusafisha na kupanda ekari 150,000 katika mwaka huo wa kwanza. Zilizopandwa hazikufika hata ekari 10,000. Matrekta yalikuwa masalia ya vita yaliyochoka, mibuyu na mizizi ya vichaka ilivunja mitambo, na udongo wa mfinyanzi, ambao wakati wa mvua ulilimika, ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, karanga zikiwa ndani yake. Mvua nazo ni zile unazozijua wewe mkazi wa huko.

Mtu asiye na chochote shambani angesema mwishoni mwa mwaka ule wa kwanza kwamba majibu yameshapatikana. Walioanzisha mpango hawakusema hivyo. Malengo yalipunguzwa, alizeti ikajaribiwa, mashamba mengine yakaendelezwa Urambo na Nachingwea, na kusini ikajengwa reli pamoja na bandari ya kina kirefu ya Mtwara kwa ajili ya karanga ambazo hazikuwa zimeonekana. Huko London, waziri wa chakula John Strachey aliendelea kuutetea mpango bungeni. Mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali iliuacha rasmi, na zaidi ya pauni milioni 35 zikafutwa vitabuni, ilhali makisio ya awali ya mpango mzima yalikuwa karibu pauni milioni 25. Haki isemwe: Mtwara ilibaki na bandari yake, na ng’ombe wanalishwa Kongwa hadi leo. Lakini hakuna aliyekwenda Kongwa kwa ajili ya ng’ombe.

Ninachotaka ukione katika kisa hiki ni nani aliyekuwa anashindwa kuacha. Barry Staw, mtafiti wa Marekani, alifanya jaribio alilolichapisha mwaka 1976, ambamo wanafunzi wa biashara waliigiza kuwa viongozi wa kampuni wanaogawa fedha za utafiti. Waliotoa fedha nyingi zaidi kwa idara iliyokuwa inafanya vibaya walikuwa wale walioichagua idara hiyo wao wenyewe hapo mwanzo. Waliorithi uamuzi wa mtu mwingine waliweza kuuangalia kwa utulivu. Hiace hii uliichagua wewe, tena mdogo wako akiwa amekukataza, kwa hiyo kuiuza kunabeba bei mbili: ile ya soko, na ile ya kumpa mdogo mtu nafasi ya kusema “si nilikwambia, dada”, au kaka, maana hukutaja. Bei hii ya pili ni ya kweli na inauma, lakini inalipika kwa njia rahisi kuliko milioni 4.5. Mwite, mwambie umeuza au unakusudia kuuza, na umwombe kwa heshima asilizungumze tena suala la 2021. Nimewaona ndugu wengi wanaochelewesha uamuzi mzuri kwa kuudai kwa sauti ya ushindi.

Kuhusu fundi, sina sababu ya kumshuku. Inawezekana kabisa anaamini anachokisema, kwa kuwa anaitazama injini iliyo mbele yake na haangalii historia ya magari yote yaliyopita mikononi mwake. Kahneman mwenyewe alinaswa hapo. Zamani akiwa Israeli aliongoza kamati ya kuandika mtaala na kitabu cha kufundisha sekondari namna ya kufanya maamuzi, na siku moja aliwataka wenzake wakadirie kazi itakwisha lini. Wote walisema karibu miaka miwili. Kisha akamwuliza mtaalamu wa mitaala aliyekuwa miongoni mwao kuhusu kamati nyingine za namna hiyo alizowahi kuzijua, na yule mtu, ambaye dakika chache kabla alikuwa amekadiria sawa na wenzake, akasema kwamba karibu asilimia 40 hazikumaliza kabisa, na zilizomaliza zilichukua miaka saba hadi kumi. Kamati ilisikia, ikanyamaza kidogo, ikaendelea na kazi. Kitabu kilikamilika baada ya miaka minane. Kwa hiyo usimwulize fundi kama gari litapona. Mwulize ni magari mangapi ya aina hii amewahi kuyabadilishia injini, na mangapi kati ya hayo yalikuwa bado barabarani mwaka mmoja baadaye. Akikosa namba, hilo nalo ni jibu.

Najua pia kwamba kuna methali inayokusumbua, kwa sababu kila anayeniandikia kuhusu mradi unaozama hunitajia kwamba mvumilivu hula mbivu. Wahenga hao hao walisema maji yakimwagika hayazoleki, na sioni ugomvi kati ya kauli hizo mbili. Ya kwanza inamhusu mwenye mti unaoelekea kuzaa. Uvumilivu si kosa, na yapo mambo ambayo mtu huendelea nayo kwa haki hata kama yamemgharimu, kwa mfano ahadi aliyompa mtu, au mkataba ambao kuuvunja kuna faini. Lakini hayo ni gharama zijazo, nazo huingia katika hesabu kwa mlango wa mbele.

Kabla hujajibu ofa, fanya mambo machache. Tafuta fundi wa gereji nyingine, umlipe kwa ukaguzi peke yake, na umwambie tangu mwanzo kwamba kazi ya kutengeneza hatapewa yeye. Tafuta wanunuzi wengine wawili, kwa sababu ofa moja si bei ya soko, na huenda milioni 8 ni ndogo au ni kubwa kuliko unavyodhani. Kisha usiku mmoja jiulize swali hili ukiwa peke yako: kama ningeamka kesho bila gari, nikiwa na milioni 12.5 taslimu, je, ningekwenda kwenye ile gereji nikainunua Hiace ileile kwa milioni 8 na kuongeza 4.5 za injini? Ukijikuta unacheka, umeshajibu. Ukijikuta unasema ndiyo, na una sababu inayoihusu kesho, tengeneza. Ila kabla ya kutoa hata shilingi, andika kwenye karatasi tarehe na kiasi ambacho kikifika utauza bila mjadala, usaini, na umkabidhi karatasi hiyo mtu asiyekuogopa. Wewe wa leo una akili iliyotulia kuliko wewe utakayekuwa umesimama gereji miezi mitano baada ya kutengeneza ukiwa umeshika risiti ya spea.

Na ikiwa utauza, usiridhike na kupokea pesa na kukabidhi kadi na funguo. Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kisha uhakikishe umiliki umehamishwa TRA kwa jina la mnunuzi, maana faini za barabarani hufuata namba ya gari, na namba hiyo kwa sasa inasomeka kwa jina lako.